Vidonge vya vitamini tusinunue kwa mazoea

Mhariri, naomba nafasi niongelee hivi vidonge vya vitamini vinavyouzwa mtaani siku hizi, maana watu wanabana hela ya mboga ili wapate kopo moja la vidonge, jamani inaniuma kweli. Dagaa wa Kibirizi tunawala wazimawazima na mifupa yao, kalisiamu iko humo, mawese yetu mekundu yana vitamini A kibao (usiyaunguze tu mpaka yapoteze wekundu), sasa mtu mzima mwenye afya anayekula hivyo kopo la nini? Vitamini C ikizidi unaikojoa, ila A inarundikana kwenye ini na mjamzito akiizidisha inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Sisemi vyote havifai. Mama mjamzito zile za madini chuma na foliki asidi anazopewa kliniki azimeze, asiziache kisa zinamtia kichefuchefu, na watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 wapelekwe kwenye matone ya vitamini A. Na wenye maduka ya dawa wamuulize mteja kwanza kama kapimwa, ndo wamuuzie.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma