Barua kwa mwanangu kabla hajashuka chini ya Paris

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi hapa nyumbani tu wazima, mvua za masika zimeanza, na mama yako anakusalimu sana. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu unanikatiza, kisha unacheka, na jambo hili si la kucheka. Mdogo wako ameniambia kwamba chuo kikifungwa kwa Pasaka mtakwenda Paris kutazama yale mahandaki yaliyojaa mifupa ya watu. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba yupo mwenzenu anayesema hakuna haja ya kununua tiketi, kwa kuwa anajua tundu lililo kando ya reli ya zamani, ambamo mnaweza kupenya usiku na kutembea huko chini mtakavyo. Usimkasirikie mdogo wako kwa kuniambia. Amefanya vyema.

Nakuomba usiingie kwa tundu hilo. Nakuomba nikiwa baba yako, na nikiwa mtu aliyepata riziki yake chini ya ardhi.

Mama yako angependa usiende kabisa, hata kwa mlango na tiketi. Kwake yeye mifupa ya marehemu haifai kutazamwa na watu waliolipa kiingilio, na ameniuliza zaidi ya mara moja: wale hawana wenyewe? Nimesoma habari zao nikamweleza kwamba hawakupelekwa kule kwa dharau. Makaburi ya Saints-Innocents, yaliyokuwa katikati ya jiji, yalipokea maiti kwa karne nyingi hadi ardhi ikashindwa kuwameza, na mwaka 1780 ukuta wa chumba cha chini cha nyumba ya jirani ulibomoka, mabaki ya maiti yakamwagikia ndani. Makaburi yakafungwa. Kuanzia mwaka 1785 mifupa ikahamishwa usiku kwa mikokoteni iliyofunikwa vitambaa vyeusi, mapadre wakiisindikiza kwa nyimbo za ibada ya marehemu, na tarehe 7 Aprili 1786 mahali pale pakabarikiwa. Makaburi mengine ya jiji yakafuata, na leo inasemekana wamelala humo zaidi ya watu milioni 6. Mama yako aliposikia habari ya mapadre alinyamaza kidogo, kisha akasema basi, akifika awaombee. Uwaombee kweli. Hakuna jina la mtu pale. Utaona vibao vinavyotaja makaburi ambayo mifupa ilitoka na mwaka iliyoletwa, basi.

Lakini mimi, mwanangu, siwaogopi wafu. Naogopa mwamba ulio juu yao. Kabla ya kuwa makaburi, mahali pale palikuwa machimbo: mawe yaliyojengea Paris yalichimbwa chini ya Paris yenyewe, wachimbaji wakaondoka, jiji likapanuka, na watu wakajenga nyumba juu ya uwazi bila kujua. Mwaka 1774 barabara iliporomoka. Mwaka 1777 mfalme Louis wa 16 akaanzisha ofisi ya ukaguzi wa machimbo chini ya Charles-Axel Guillaumot, na ofisi hiyo ingalipo hadi leo. Watu wa Guillaumot walishuka wakajenga kuta za kushikilia mitaa ya juu, na kwenye kila kazi wakachonga namba yake, herufi G na mwaka, na mahali pengi wakaandika jina la mtaa ulio juu. Nilipolisoma hilo nilimheshimu sana yule bwana. Mtu anayeweka alama na tarehe kwenye ukuta uliojengwa gizani, ambao hakuna mpita njia atakayeusifu, huyo anaijua kazi yake na yuko tayari kuulizwa juu yake. Wewe unayesomea uhandisi uziangalie alama hizo kwa makini kuliko mafuvu.

Na hata mafuvu yenyewe uyaangalie kwa jicho la mjenzi. Mwanzoni mifupa ilimwagwa tu kama kifusi; aliyekuja kuipanga mwanzoni mwa karne ya 19 ni mkaguzi mwingine, Héricart de Thury, na alifuata ufundi wa wachimbaji. Mifupa mirefu ya mapaja na miguu ilipangwa mbele kama ukuta, mafuvu yakapangwa kwa mistari kati yake, na ile midogo ikatupwa nyuma kujaza nafasi. Ndivyo hasa wachimbaji wa kule walivyojaza sehemu walizokwisha kuchimba: ukuta wa mawe mbele, kifusi nyuma. Mbele ya lango la sehemu hiyo yameandikwa maneno: Simama! Hapa ndipo ufalme wa Mauti. Hapo usimame kweli.

Sasa nirudi kwenye tundu. Sehemu inayotembelewa na wageni ina urefu wa kilomita 1.5 hivi, yenye taa na walinzi. Mahandaki yote ya machimbo chini ya jiji hilo yanakaribia kilomita 300. Huyo mwenzenu anapokuambia anaijua njia, muulize anajua kilomita ngapi kati ya hizo, na muulize nani atajua mlipo taa zikizimika. Kuna mahali pa kutambaa kwa tumbo, kuna mahali penye maji, kuna visima. Tangu tarehe 2 Novemba 1955 ni marufuku kuingia humo bila kibali, polisi wanapita, na faini ipo. Wewe uko katika nchi ya watu kwa karatasi uliyopewa. Mwenzako mwenyeji atalipa faini aende kulala kwao, ila wewe jina lako litabaki limeandikwa mahali.

Mwaka 1793 bawabu mmoja wa hospitali ya Val-de-Grâce, Philibert Aspairt, aliingia katika machimbo hayo na hakutoka. Alipatikana mwaka 1804, akazikwa palepale alipoangukia, na jiwe lake lipo huko chini hadi sasa. Ukiona hayo ni ya kale, mwaka 2017 vijana wawili wa umri wa sekondari walipotea humo kwa siku 3, wakatafutwa kwa mbwa, wakatolewa wakiwa wamepoa mwili kwa baridi. Hao walikuwa na bahati. Unajua kwa nini mimi sipendi kuzungumzia mafuriko ya migodi ya tanzanite ya Mererani, ya mwaka 1998 wala ya 2008, na unawajua waliokuwa kwenye duara, yaani shimo la mgodi, nasi ambao sasa hawapo, kwa hiyo sirudii. Nasema tu kwamba waliokufa kule walikuwa wanaapolo hasa, wachimbaji waliojua kusikiliza mwamba na kupima kwa nyundo matimba yanayoushikilia, na maji yalipoingia ujuzi haukuwasaidia kitu. Wewe hujawahi kufanya kazi chini hata siku moja.

Najivunia wewe, na hilo sijakuficha. Mtoto wa mwanaapolo kwenda Ufaransa kusomea uhandisi si jambo dogo katika ukoo huu. Lakini tangu udogoni ukiambiwa usiguse, mkono wako umeshafika. Mama yako anasema ni mimi niliyekuzoesha, kwa kuwa niliporudi kutoka machimboni nilisimulia habari za chini kana kwamba ni mahali pazuri. Huenda. Lakini sasa una akili yako.

Basi uende kwa mlango. Kituo cha metro cha kushukia ni Denfert-Rochereau, na tiketi ukate mapema mtandaoni, kwa kuwa hawaruhusu watu wengi kwa wakati mmoja. Utashuka ngazi 131 hadi kina cha mita 20 na kupanda nyingine 112 wakati wa kutoka, na lifti hutaikuta. Huko chini ni nyuzi 14 kiangazi na masika, hivyo vaa sweta na viatu vyenye soli inayoshika, maana sakafu huwa na unyevu. Dawa yako ya kuvuta ya pumu iwe mfukoni, si ndani ya begi la mwenzako. Kifua chako ukijue wewe mwenyewe, kisije kikakusumbua katikati ya njia.

Usiguse mfupa hata mmoja. Wamekuwapo wageni waliotaka kutoka na mifupa kwenye mifuko yao, na hilo kwetu ni chungu zaidi. Sisi wa Kilimanjaro tunajua maana ya kulitafuta fuvu la mzee wetu. Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta miaka yote hii. Mtu aliyekulia karibu na habari hiyo hawezi kushika fuvu la mtu ili apigwe picha. Picha za mahandaki na kuta nitumie mimi peke yangu. Za mafuvu usizitume kwenye kundi la familia, mama yako hatalala.

Hayo yamenikumbusha kaburi la bibi yako hapa mgombani. Mvua za mwaka jana zilikula udongo upande wa chini, na mwaka huu zikiendelea hivi msalaba utainama. Nataka kulijengea kabla ya Juni. Mchanga na kokoto ninavyo, fundi ni yule aliyejenga banda la ng'ombe, limebaki suala la saruji na vigae. Baba zako wadogo wameahidi, lakini unajua ahadi zao. Ada ya mdogo wako ya muhula huu nimeshalipa, kwa hiyo usitume pesa za shule. Ukiwa na chochote kitakachobaki baada ya safari, kitume kwa ajili ya bibi, na usikope kwa ajili hiyo.

Ukishakata tiketi nipigie picha uitume, jina lako na saa ya kuingia vionekane. Ukitoka, kabla hata ya kutafuta chakula, nijulishe. Mama yako simwambii lolote juu ya tundu hadi nipate jibu lako, nami nalitaka jibu hilo kwa maandishi, likisema wazi kwamba huendi huko na kwamba umemwambia hivyo huyo mwenzenu.

Wako,
Baba