Barua ya wazi kwa Waswahili wa jeshi la Marekani na wenza wao walio njiani kuachana

Wanangu,

Talaka ya kijeshi hakuna. Kamanda havunji ndoa wala hagawi mali. Kazi hiyo ni ya jaji wa jimbo, kama kwa raia yeyote. Ila pensheni, bima na matibabu viko mikononi mwa serikali kuu, nayo haitii kila neno la jaji huyo. Hasara nyingi hutokea hapo katikati: hukumu imetoka, ofisi ya malipo imeirudisha.

Mwanajeshi uliye mbali, usidhani kukaa kimya kunakulinda. Sheria ya SCRA, inayomlinda mwanajeshi aliye kazini kwenye kesi za madai, inakupa haki ya kuahirishiwa kesi kwa siku zisizopungua 90, lakini uiombe kwa maandishi. Barua yako ieleze kazi inakuzuiaje kufika na lini utaweza. Barua ya kamanda ithibitishe kwamba kazi inakuzuia na likizo hujapewa. Moja bila ya pili haitoshi. Nawe uliyefungua kesi, usiape kwamba mwenzako si mwanajeshi ili upate hukumu ya haraka. Kiapo cha uongo hapo ni jinai.

Angalieni pia mnafungua jimbo gani. Jaji anaweza kuvunja ndoa na bado asiwe na mamlaka ya kugusa pensheni. Ili aigawe, mwanajeshi awe na makazi ya kudumu katika jimbo hilo, au aishi hapo kwa sababu isiyo ya kupangiwa kambi, au akubali mwenyewe.

Kwenye pensheni uvumi umezidi sheria. Mtaambiwa kwamba ndoa isiyofika miaka 10 haina fungu. Si kweli. Sheria ya mwaka 1982 iliruhusu majimbo kugawa pensheni bila kuweka muda wa chini wa ndoa. Miaka 10 ya ndoa iliyokwenda sambamba na miaka 10 ya utumishi ni sharti la jambo moja tu: DFAS, ofisi inayolipa, ikutumie fungu lako moja kwa moja. Ndoa ikiwa ya miaka tisa na miezi minane, jaji bado anaweza kukupa fungu, ila utalidai kwa mtalaka wako mwezi baada ya mwezi, na mnajua hilo huishia wapi. Wala nusu si haki ya mtu. Asilimia 50 ni ukomo wa kile DFAS inachoweza kukata kama mgawo wa mali.

Talaka ikitoka kabla ya kustaafu, tangu 23 Desemba 2016 hesabu inafungwa siku ya talaka. Tuseme siku hiyo wastani wa mshahara wa msingi wa miezi 36 ya juu ni dola 4,000, na utumishi ni miaka 12. Kwa mfumo wa asilimia 2.5 kwa mwaka, hiyo ni asilimia 30, yaani dola 1,200. Mtalaka aliyepewa nusu ana dola 600, pamoja na nyongeza za gharama za maisha, hata kama mwenzake atastaafu baada ya miaka 25 na cheo kikubwa. Hukumu lazima itaje namba zote mbili, wastani na miaka. Ikiandika tu "nusu ya pensheni", itarudi.

Mstaafu akiachia sehemu ya pensheni ili apokee fidia ya ulemavu ya VA, idara ya maveterani, sehemu hiyo haigawiki, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Howell mwaka 2017 jaji hawezi kumwamuru afidie pengo. Kwa matunzo ya watoto, hata hivyo, fidia hiyo huhesabiwa kipato.

Linaloumiza kuliko yote ni SBP, bima ya pensheni kwa anayebaki mstaafu akifa. Pensheni hufa na mwenyewe. SBP ndiyo inayoendelea kulipa, asilimia 55 ya kiasi kilichowekewa bima. Hukumu inaweza kusema wazi kwamba mtalaka abaki mnufaika, na bado asione hata senti, kwa sababu mstaafu ana mwaka mmoja kutoka siku ya talaka kumwandikisha mtalaka huyo kuwa mnufaika na wengi hawamwandikishi. Usimsubiri. Jaza fomu DD 2656-10, ambatanisha hukumu, ifike DFAS ndani ya mwaka mmoja wa amri ya mahakama. Nimesema ifike, sikusema itumwe. Na ukiolewa au kuoa tena kabla ya umri wa miaka 55, malipo husimama.

SGLI, bima ya maisha, haitazami hukumu kabisa. Inamlipa aliyeandikwa, hadi dola 500,000, hata kama mliachana zamani.

Tricare, bima ya matibabu ya jeshi, hubaki kwa mtalaka mwenye 20 tatu: miaka 20 ya ndoa, 20 ya utumishi, na 20 ya vyote viwili kwa pamoja. Wengine kwa kawaida wana siku 60 za kujiunga na CHCBP, bima ya kulipia ya hadi miezi 36, na bei yake si ndogo. Watoto wenu hawapotezi chochote. Mtoto wa kambo asiyeasiliwa hupoteza.

Mwenye kadi ya kijani ya miaka miwili anaweza kuwasilisha I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo, peke yake akiwa na hukumu ya talaka na ushahidi kwamba ndoa ilikuwa ya kweli.

Wanasheria wa kambi hushauri bure, lakini kwa kawaida hawasimami mahakamani kwenye talaka, na ofisi moja haiwezi kuwashauri wote wawili. Atakayefika wa pili ataelekezwa kwingine. Wakili wa nje mtamlipa, basi kabla ya kumlipa mwulizeni ni namba zipi mbili ambazo DFAS inazitaka kwenye hukumu. Akianza kuwaeleza habari za miaka 10, ondokeni mtafute mwingine.