Gemu la babu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba gemu zote ni ugonjwa mmoja: zinamkalisha mtoto kitako na kumtenga na wazee wake. Kwa vile vibanda vya gemu vya hapa Mtwara sina ubishi naye. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nimestaafu, na najua madawati yaliyokuwa yanabaki wazi kwa sababu ya vibanda hivyo. Ila hiyo "zote" ndiyo iliyonitoa kitini.

Kwangu Mikindani tuna Wii, mashine ya gemu inayounganishwa na tivii. Ni mtumba, kijana wetu aliipata Dar es Salaam akatuletea msimu wa korosho. Kampuni ya Nintendo waliitoa mwaka 2006, wakati wenzao wanashindana kwa picha kali na pedi zenye vitufe tele. Wao wakaleta rimoti inayohisi mkono unavyokwenda. Ukipunga kama unapiga tenisi, yule wa kwenye tivii naye anapiga. Mashine hizo ziliuzwa zaidi ya milioni 100.

Siku ya kwanza tuliiunguza. Adapta ilikuwa ya Marekani, ya volti 120, nasi tukaichomeka kwenye 230 zetu, moshi huo! Fundi wa sokoni akaona mashine yenyewe inataka volti 12 tu, akatutafutia adapta nyingine. Haujapita mwezi, panya akakata waya wa kile kijiti kinachokaa juu ya tivii. Mjukuu wangu akawasha mishumaa miwili, mmoja kila upande, na rimoti ikafanya kazi! Kumbe kijiti hakina maajabu, ni taa tu ambazo jicho halizioni, na rimoti ndiyo inayozitazama. (Mishumaa nimeipiga marufuku. Waya tumeuunga.)

Sasa nimweleze msomaji wako habari ya mume wangu. Ana miaka 71, mvuvi, pedi ya gemu hajawahi kuishika. Baada ya Isha hakosi mchezo wa kuvingirisha tufe na kuangusha chupa. Anapeleka mkono nyuma, anaurudisha mbele taratibu, kama mtu anayepima kimia kabla ya kukitupa, na mjukuu wa miaka tisa anafungwa kila siku na kudai warudie. Jirani yangu alikuja kuomba chumvi, akashikishwa rimoti kwenye gemu ya ndondi, akacheza mpaka khanga ikamvuka begani. Chumvi aliisahau.

Hasara ipo, sifichi. Rimoti ina kamba ya kuvaa mkononi. Zile za mwanzo zilikuwa zinakatika, hata Desemba 2006 kampuni ikaanza kuwabadilishia watu kamba milioni 3.2. Ya mume wangu haikukatika. Alikataa kuivaa, eti yeye si mbuzi. Rimoti ikaruka moja kwa moja kwenye kabati la vyombo, ikavunja vikombe viwili vya harusi yetu.

Mume wangu anasema msomaji wako yule akipita Mikindani abishe hodi, wacheze. Mimi naongeza: kamba atavaa.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara