Barua kwa mwanangu anayekwenda kuwa tarishi Montpelier

Neema mwanangu,

Suruali yako nyeusi baba yako ameipiga pasi mara mbili tangu jioni, utadhani gavana ndiye wewe. Mimi nimeona bora niandike, maana nikisema unanijibu "najua, mama" kabla sijafika nusu ya sentensi. Barua hii utaikuta kwenye mfuko wa pembeni wa begi, chini ya soksi.

Wiki sita utakuwa tarishi wa Bunge la jimbo letu la Vermont, hapa Marekani, kule makao makuu Montpelier. Juzi nilikusikia ukimwambia rafiki yako kwenye simu kwamba kazi yenyewe ni "kupeleka vikaratasi tu". Mama, hiyo "tu" uitoe. Wewe ulizaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma, lakini huikumbuki. Pale kambini maisha yetu yote yalikuwa kwenye karatasi zilizobandikwa ubaoni: nani anaitwa usaili, nani anasafiri, nani hayumo. Tulikwenda asubuhi, tukasoma majina kwa kidole, tukarudi nyumbani. Aliyeileta ile karatasi hatukumjua, na aliyeiandika ndiyo kabisa. Sasa mtoto wangu wa darasa la nane atavaa koti la kijani, atashika karatasi mkononi, na atamwona aliyeiandika na anayeisoma.

Na utawaona kwa karibu, kwa sababu hawana pa kujificha. Wabunge wa Vermont hawana ofisi wala makatibu wao binafsi. Mtu ana kiti chake ukumbini, chumba cha kamati anachokaa na wenzake, na meza yoyote atakayoipata kantini. Kikao kinaanza Januari, mara nyingi kinafika Mei au Juni, halafu wanarudi kwenye shughuli zao: mkulima kwa ng'ombe wake, mwalimu darasani, mstaafu bustanini. Ndiyo maana wanahitaji watoto wa miguu myepesi kama wewe.

Ngoja nikupe hesabu, wewe unazipenda. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 katika jimbo hili zima. Baraza la Wawakilishi lina viti 150, Seneti 30. Gawanya: mwakilishi mmoja kwa watu kama 4,300 hivi. Nyarugusu tulikuwa zaidi ya laki moja. Kwa kipimo cha Vermont, kambi yetu ingepeleka bungeni wabunge zaidi ya ishirini, na hatukuwa hata na mmoja. Nilipiga hesabu hiyo usiku mmoja kazini, nikiwa nimeegemea mopu, nikacheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nikuambie kuhusu ile siku ya Machi 2022 niliyokuvuta mkono twende kupiga kura, nawe ukalalamika unasikia baridi. Ulikuwa na miaka tisa. Mimi sikuwa bado raia. Watu wa mji wetu wa Winooski walikuwa wamekubaliana, Novemba 2020, kwamba wakazi halali wasio raia wapige kura katika mambo ya mji na ya shule. Lakini huku mji haujibadilishii wenyewe hati yake, ile yenye kanuni za kuuendesha. Lazima Bunge la jimbo likubali. Kwa hiyo jambo letu likapanda Montpelier, kwenye jengo hilohilo unalokwenda. Bunge likakubali. Gavana Phil Scott akapiga kura ya turufu, akisema jambo kama hilo lisiamuliwe mji mmoja mmoja, kila mmoja na utaratibu wake. Simchukii kwa hilo, hoja yake ina uzito. Lakini Juni 2021 mabaraza yote mawili yakapata theluthi mbili ya kura, yakaipindua turufu yake. Montpelier wenyewe walikuwa na ombi kama letu. Wao wakashtakiwa, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema hawakuvunja katiba.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba nimepewa karatasi na kalamu. Kwenye bajeti ya shule nikakwama. Mamilioni ya dola, na chini yake visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nikawaza: mimi ninayehesabu sarafu za kufulia nguo naulizwa mamilioni? Ukanivuta sweta ukasema, "Mama, ni shule yangu." Nikaweka alama kwenye ndiyo. Nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo, nikaogopa kwamba kura imeharibika. Yule bibi wa mezani akaitazama, akanitazama mimi, akasema mashine itaisoma. Ikaisoma.

Bajeti hizohizo za shule ndizo zinazogombanisha jimbo. Hapa shule zinalipiwa zaidi na kodi ya majengo, na mwaka 2024 kodi hiyo ilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 14. Wenye nyumba walikasirika, na Novemba ile Wademokrati wakapoteza viti vingi kiasi kwamba theluthi mbili za kuipindua turufu ya gavana wakawa hawana tena. Wakati huohuo jimbo lilimpigia kura ya urais Kamala Harris, Mdemokrati, na Phil Scott, Mrepublikan, mwenye kampuni ya ujenzi zamani na dereva wa magari ya mashindano, akarudishwa kwa muhula wa tano. Miaka miwili miwili tu kila muhula. Vermont na New Hampshire pekee ndizo zinazomsumbua gavana hivyo. Watu wa huku hawapigi kura kwa rangi ya fulana, nami nawapenda kwa hilo.

Unakumbuka mwenzangu wa jikoni kazini, anayetuletea mayai? Alinichukua mwaka jana kwenye mkutano mkuu wa kijiji chao, Jumanne ya kwanza ya Machi. Ulikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule, viti vya kukunja, wanawake wawili wakifuma. Bajeti yenyewe ilipita kwa sauti za ndiyo. Halafu wakafika kwenye gari la kusukuma theluji, na hapo wakakaa zaidi ya saa nzima. Sakafu ya gari la zamani imeliwa na kutu mpaka dereva anaiona barabara kati ya miguu yake. Mmoja anasema tununue jipya, mwingine tuchomelee tena bati, wa tatu anauliza mbona bati la mwaka juzi halikudumu, nani alichomelea, na aliyechomelea yumo humo ndani. Ungefumba macho ungesema uko Kasulu. Mwenzangu akanyoosha mkono, akaomba mgeni aruhusiwe kusema. Mgeni haongei bila mkutano kukubali, kwa hiyo wakapiga kura kwa ajili yangu. Wakakubali. Nikasimama mbele ya watu wale wote, na sikuwa na neno! Nikasema asanteni, na supu inanukia vizuri. Wakapiga makofi, wakarudi kwenye gari.

Watakuambia pia kwamba katiba ya Vermont ya mwaka 1777 ilikuwa ya kwanza kupiga marufuku utumwa wa watu wazima. Sikiliza lile neno "wazima". Mlango ulibaki wazi kwa watoto, na maneno yale hayakufutwa mpaka kura ya Novemba 2022. Wakikutembeza jengoni na wakaruka sehemu hiyo, uliza kwa adabu.

Na ukipata nafasi, muulizie baba yako habari za majaji wa pembeni. Kila wilaya inachagua wawili, si lazima wawe wanasheria, na wanaweza kukaa na jaji kwenye kesi. Anabisha kwamba ni wazee wa baraza haswa, kama wa mahakama ya mwanzo kule Kigoma. Mimi nimechoka kubishana naye.

Ijumaa nitakuja kukuchukua nikitoka zamu, nitaegesha ng'ambo ya barabara kuelekea kuba la dhahabu la jengo la Bunge. Koti litundike, usilikunje. Na mfukoni nimekuwekea dola kumi za kantini. Ukimwona mwakilishi wetu, mwambie mama yako wa mtaa wa kwenye mteremko bado anasubiri lile jibu la taa za barabarani.

Mama