Mwanangu, lala kwanza ndipo uwashe gari

Mwanangu,

Mama yako amenionyesha status yako ya juzi. Saa tisa usiku, chupa mbili za kinywaji cha kuongeza nguvu zimesimama juu ya dashibodi, na chini yake umeandika: "Hakuna kulala mpaka Tunduma." Wenzako wamekusifu sana. Mimi sikupata usingizi mpaka uliposema umefika. Na sasa nasikia Jumatatu unapakia mzigo wa Lubumbashi, safari yako ya kwanza ukiwa dereva kamili, na hakuna wa kukupokea usukani.

Hongera, baba. Hapa mtaani hakuna ambaye sijamwambia. Tajiri hamkabidhi mtu kichwa cha lori na tela kama hajamwamini. Ila barua hii isome mpaka mwisho, maana kwenye simu hunipi nafasi: "sawa baba, sawa baba," halafu mtandao unakatika.

Lala. Mwili una saa yake, na saa hiyo haijui tajiri anataka mzigo ufike lini. Kuanzia kama saa nane usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri mwili unataka kuzima, hata ukinywa nini. Macho yanakuwa wazi na barabara huioni. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakata mita 22 kila sekunde. Ukisinzia sekunde tatu, umekwenda mita zaidi ya 60 gari halina dereva, na mgongoni una tani karibu 30. Pale kwenye mteremko wa Kitonga hata sekunde moja ni nyingi.

Hizo chupa haziondoi uchovu, zinauficha. Kafeini inachukua kama nusu saa mpaka uisikie, na baada ya masaa matano hivi nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo maana ukija kusimama Makambako unajilaza, unabaki kugeukageuka tu. Kushusha kioo na kupandisha redio nako ni kujidanganya. Macho yakiwa mazito, paki penye magari mengine, zima, lala dakika 20. Hizo zitakusogeza mbele kidogo, lakini deni la usiku liko palepale: masaa saba, manane.

Kulala kwenye kichwa kuna utaratibu wake. Ziba kioo cha mbele kwa kitambaa kizito, acha upenyo kwenye vioo vya pembeni hewa ipite, vua viatu, legeza mkanda, simu iweke mahali ambapo mkono haufiki. Usimalize sahani ya chipsi mayai ukajitupa kitandani papo hapo. Pombe ndiyo kabisa usiijaribu. Inakulaza haraka, halafu inakuamsha katikati ya usiku. Asubuhi, kabla hujagusa simu, shuka upate mwanga wa jua, zunguka gari lote ukigonga matairi moja moja. Yapo 22. Mpaka uyamalize damu imeshatembea. Fanya hivyo kila kituo, maana miguu ya kukaa kutwa inavimba, na damu inaweza kuganda ndani.

Maji unayakwepa ili usisimame kukojoa, najua, madereva wote tuko hivyo. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umeshachelewa. Kunywa, simama. Mwambie mama ntilie akuongezee mchicha apunguze wali, na chumvi usiinyunyize tena mezani. Ya siku nzima isizidi gramu 5, kijiko kimoja cha chai. Parachichi za Makambako zipo, ndizi za Uyole zipo, na bei yake haifiki ya hizo chupa zako.

Enzi zetu kukesha siku mbili barabarani ilikuwa sifa, na matajiri walinipa mkono. Leo nameza kidonge cha presha kila asubuhi, na daktari ameniambia kukosa usingizi miaka yote ile kumechangia. Na ule ukali niliokuwa narudi nao nyumbani, mlipokuwa wadogo, siku hizi nauelewa. Mtu asiyelala hasira zake ziko karibu. Mama yako anaweza kukuambia mengine.

Amekufungia tangawizi, mchaichai na unga wa mlonge. Chukua, chai yake ni nzuri, itakuondoa kwenye soda. Lakini homa ikikushika Kapiri Mposhi, huko Zambia, kapime malaria kwanza, habari za mwarobaini zije baadaye. Baba yako mkubwa aliacha vidonge vya sukari kwa ajili ya chupa ya dawa ya mitishamba aliyonunua ndani ya basi, na habari ya mguu wake unaijua.

Foleni ya mpaka wa Kasumbalesa, pa kuingilia Kongo, inaweza kukushika siku kadhaa. Hapo ndipo mawazo yanapomwingia mtu. Usijifungie na simu ukitazama video za ajali. Kaa na wenzako, chezeni drafti, pikeni pamoja, uswali, utupigie hata kama huna la kusema. Mambo ya wanawake wa mpakani siyaandiki hapa. Wewe ni mtu mzima, tumia kinga na upime.

Ukiwa unarudi, ununue vitunguu Ruaha Mbuyuni, debe moja tu, lile gunia la mwisho nusu lilioza. Chagua vilivyokauka shingo. Mdogo wako anataka viatu vya shule, namba 38, vyeusi, visiwe vya kuchongoka mbele kama vile ulivyomletea. Paa la jiko bado linavuja, fundi amekula hela ya awali na simu hapokei, kwa hiyo usimtumie nyingine hata akikupigia wewe.

Jumatatu ukifika Msamvu usipige honi ukapita. Ukichelewa kupakia Dar na ukaingia Morogoro usiku, safari yako inaishia hapa mpaka asubuhi. Kitanda chako kimetandikwa. Tajiri nitampigia mimi mwenyewe.

Baba yako