Barua kwa mwanangu: misa ya mwaka ya mama yako

Bukavu, tarehe 7 Juni

Mwanangu mpendwa,

Nakusalimu katika Kristo. Huku tuko wazima, wadogo zako wanakusalimia sana. Ujumbe wako kuhusu kumbukumbu ya mwaka ya kifo cha mama yako umenifikia, na nimefurahi kuona wewe mkubwa umeanza kuiwaza mapema, bila kungoja kusukumwa. Lakini kuna neno moja ndani yake ambalo linaninyima usingizi: kwamba umeomba zamu yako ya likirimba, ule mchango wa kupokezana, ije kabla ya wakati, na pesa nyingine utakopa kwa wenzako wa kazini, ili tupate ukumbi, fulana zenye picha yake, na ng'ombe. Binti yangu, usikope. Nimeona niandike barua kwa sababu kwenye simu unakubali kila kitu halafu unafanya ulivyopanga.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo watu wengi wanakosea. Tarehe 15 Agosti uliyoitaja ni sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Siku hiyo misa ya wafu hairuhusiwi, hata ikiwa ni mwaka wa kwanza. Padri atavaa nyeupe, masomo yatakuwa ya Maria, na jina la mama yako litatajwa kwenye nia tu. Jumapili tarehe 16 nayo ina misa yake. Siku yetu ni Ijumaa tarehe 14, kumbukumbu ya Mtakatifu Maximilian Kolbe, aliyeuawa Auschwitz tarehe hiyo hiyo mwaka 1941 baada ya kujitoa afe mahali pa baba mwenye watoto. Siku ya kumbukumbu ya mtakatifu kama hiyo, misa ya mwaka wa kwanza inaruhusiwa kabisa. Lakini iwe ya asubuhi. Jioni ya tarehe 14 kesha la sikukuu linakuwa limeshaanza, na mtajikuta mmerudi kulekule.

Kwa sekretari wa parokia nitakwenda mwenyewe. Anapaswa kuandika jina la ubatizo, jina la nyumbani, na maneno "mwaka wa kwanza". Ukiandikisha "marehemu" peke yake, padri atasoma sala za kawaida za wafu na hatajua kwamba ni mwaka. Na kuhusu sadaka ya misa, mbona unauliza kama hiyo uliyotaja "itatutia aibu"? Sadaka ya misa haina mashindano. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 945, inawahimiza mapadri kusoma misa kwa nia ya waamini, hasa maskini, hata wasipopokea kitu. Mtu asikope pesa ili amwombee mama yake.

Masomo nayapendekeza hivi: somo la kwanza, 1 Wathesalonike 4:13-18, zaburi ya 23, Injili, Yohana 11:17-27, pale Marta anapomwambia Yesu kwamba anaamini. Wewe ulitaka 2 Wamakabayo 12, Yuda anapokusanya fedha kwa ajili ya sadaka ya waliokufa vitani. Ni somo zuri, na ndilo linaloeleza kwa nini tunawaombea wafu. Lakini mama yako mdogo ni wa CEPAC, kanisa la Kipentekoste, na Biblia yake haina Wamakabayo. Atakaa pale akisikia kama anafundishwa siku ya dada yake. Mpe yeye kuimbisha zaburi. Sauti anayo, na zaburi hiyo waliijua wote wawili tangu utoto.

Ushuhuda usiwe ndani ya mahubiri. Kanuni za misa zinasema mahubiri ya mazishi si mahali pa kumsifu marehemu, na kwenye misa ya mwaka tushike njia hiyo hiyo. Padri akikubali, usome baada ya komunyo, dakika tano tu, ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono. La sivyo tutausoma nyumbani kabla ya chakula. Katika ule uliyonitumia umeandika mara mbili kwamba mama ni malaika sasa. Hilo lifute. Mtu hawi malaika, na kama ameshafika huko unakosema, sisi tunamwombea nini siku tisa nzima? Andika alichofanya. Andika wagonjwa aliowaoshea nguo, andika ugomvi wa jirani zetu wawili alioumaliza, andika kwamba alikuwa mkali kwa watu wanaochelewa shirika, yaani jumuiya yetu ndogo ya Kikristo. Watu walimjua. Ukimpamba mno, hawatamtambua.

Lile daftari lake la bluu ninalo. Ulifikiri lilipotea. Upande wa kushoto ni majina ya wagonjwa, upande wa kulia ni marehemu. Mgonjwa akipona aliandika tarehe, akifa aliweka msalaba mdogo na kulihamishia jina upande wa pili. Upande wa marehemu, juu kabisa, ni Askofu mkuu Munzihirwa, aliyeuawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Kurasa za mwisho herufi zimekuwa kubwa, majina matatu tu kwa ukurasa, kwa sababu ya macho. Usome majina hayo kwenye sala ya waamini, si yote, yale ya shirika letu. Hilo litamkumbusha mama yako kwa watu kuliko fulana mia moja, na halihitaji deni.

Novena itaanza Alhamisi tarehe 6, siku ya Yesu kugeuka sura, imalizike tarehe 14 yenyewe. Saa kumi na moja jioni, kila siku nyumba moja ya shirika, shapele (rozari) na litania ya watakatifu, basi. Alhamisi ni matendo ya mwanga, Ijumaa ya uchungu, Jumamosi ya furaha. Nimekwisha kuwapa orodha wamama ili wasichanganye. Siku ya mwisho tusali mapema, kabla ya misa. Nyumba inayopokea isipike. Ikipika moja, ya pili itaona aibu isipopika, na hadi siku ya tisa watu wanakopa unga. Nimeona hivyo vikitokea kwenye matanga ya watu wenye imani kabisa.

Kaburi ndilo linalotaka haraka. Mvua zinarudi Septemba, kwa hiyo kazi ya sima, yaani saruji, ifanyike Julai udongo ukiwa mkavu. Ni vizuri kwamba hatukulijenga mwaka jana. Udongo unashuka kadiri mbao za sanduku zinavyooza, na anayeweka bamba baada ya wiki chache hulikuta limepasuka katikati. Fundi aongeze udongo palipozama, amwage maji, ashindilie, arudie kesho yake, ndipo ajenge. Bamba la mita 2 kwa sentimita 80, unene sentimita 10, kwa kipimo cha ndoo moja ya sima, mbili za mchanga na nne za kokoto, linakula mfuko wa kilo 50 na kidogo zaidi. Nimeweka hesabu ya mifuko mitatu, inayobaki ni ya ukingo wa matofali na plasta. Ndani ni vyuma vya milimita 8, vikipishana kila sentimita 20, vimeinuliwa juu ya vijiwe. Chuma kikilala kwenye udongo kinaliwa na kutu, na kutu inavimba na kupasua bamba kutoka chini.

Mchanga nitaukagua mwenyewe. Unauchukua mkononi ukiwa na unyevu, unausugua, unaumwaga. Ukiacha tope kwenye kiganja, urudi ulikotoka. Kosa la pili ni maji mengi: mafundi wanapenda zege laini kwa sababu linalala lenyewe, lakini likikauka linakuwa dhaifu. Baada ya kumwaga, bamba lifunikwe magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Mdogo wako wa pili amekubali kazi hiyo. Na kwa kuwa pale ni mtelemko, lazima mfereji upande wa juu, la sivyo maji ya Oktoba yatachimba chini ya ukingo hata kama sima ni nzuri.

Karo ulizotaja, yaani vigae, hapana. Udongo ukisogea kidogo zinabanduka, na nyingine watu wanazing'oa. Maandishi yachongwe sima ikiwa bado mbichi, herufi za sentimita 5, kisha ndani ya michongo ipakwe rangi nyeusi. Rangi peke yake inafutwa na jua na mvua. Yawe msalaba, majina yake, tarehe mbili, na Yoh 11:25. Mjomba wako anataka orodha ya watoto wote na vyeo vyao. Nimemjibu kwamba pale amelala mtu mmoja.

Chakula nimehesabu watu sitini, shirika na ndugu wa karibu. Unga wa bugali kilo 9, mchele kilo 6, maharage kilo 6, sambaza (samaki wadogo wa ziwani) zilizokauka kilo 3, mafuta lita 3, na sombe (kisamvu) kwa kadiri wamama watakavyoleta. Maharage yalowekwe usiku kucha, yanaokoa makaa. Sombe ichemshwe kwanza yenyewe, sufuria wazi, muda mrefu, kabla ya kuongeza mafuta na vitunguu. Mnaopenda kuifunika ili iive upesi mnazuia ile sumu yake isitoke. Pombe haitakuwapo. Mama yako hakuitaka kwenye kilio cha baba yake, hatutaileta kwenye chake.

Ukijumlisha yote haya, kaburi, misa na chakula, nilicho nacho mimi na mlichochanga ninyi watatu kinatosha. Nimepiga hesabu mara mbili. Kwa hiyo hizo pesa za kukopa ni za nini? Ni za watu watakaosema tumefanya vizuri, na wiki inayofuata watakuwa wamesahau, nawe utaendelea kulipa hadi Pasaka. Sanduku la mazishi lenyewe bado lina kiasi kilichobaki kulipwa. Wadogo zako hawajui, na usiwaambie. Nalimaliza mwezi ujao. Wewe unajua sasa, basi uelewe kwa nini nasisitiza.

Nguo zake tutagawa siku hiyo ya kuondoa kilio, baada ya watu wa nje kwenda. Kikwembe (kitenge) cha Wamama Wakatoliki kimoja kinabaki kwako, kingine kirudi kwa chama, kuna mjane ambaye hana. Shapele ya mbao ni yako. Lakini niambie ukweli, huko Goma umeshajiandikisha kwenye shirika lolote? Kila nikiuliza unanijibu habari za kazi. Kazi yako najivunia, nawaambia watu hapa hadi wanachoka. Ila shapele si ya kuning'iniza ukutani, na jina la daftari linahitaji mtu wa kulisoma.

Mengine ya nyumbani. Bati la upande wa jikoni linavuja pale pale, nitalibadilisha na fundi huyo huyo wa kaburi ili tulipe siku moja. Minerval, yaani ada ya shule, ya mdogo wako imelipwa hadi mwisho wa mwaka, hivyo ile uliyotuma nimeiweka kwenye sima, na risiti ninayo. Mbuzi wa mama yako amezaa mapacha, dume mmoja ni dhaifu. Avokado zimeanza kuanguka, mwambie mtu anayekuja huku azipitie.

Ukija, panda boti ya mchana, na uhakikishe ina majaketi ya kuokolea kabla hujalipa. Leta maharage ya Rutshuru kilo 6 kama bei bado ni nzuri huko, na vitunguu. Uwe hapa kabla ya tarehe 10 angalau, tusali pamoja siku zinazobaki.

Nijibu kabla ya tarehe 20 mwezi huu. Fundi anataka kujua siku ya kuanza, na mimi nataka kusikia kutoka kwako kwamba ile zamu ya likirimba umemwachia mwenye zamu yake.

Baba yako