Miwani ya kusomea ifike vituo vya shehia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie macho ya mama zetu wa Pemba, hasa waliovuka miaka 40. Wakilalamika kuwa hawaoni vizuri tunawajibu kuwa huo ni uzee, basi yanaishia hapo. Wengi wao wangepata miwani ya kusomea tu wangerudi kuona kazi zao.

Msimu wa karafuu pita mtaa wowote wa Wete au Micheweni baada ya magharibi. Utawakuta wanawake barazani wanachambua, karafuu huku, makonyo, yaani vijiti vyake, kule. Waliokula chumvi nyingi husogeza mkono mbali na uso, wakaelekeza kwenye taa, wakapapasa kwa vidole, mwisho wakamwita mjukuu. Kazi hii hulipwa kwa kipimo, kwa hiyo jicho lisiloona karibu linapunguza fedha za nyumba. Ndivyo ilivyo pia kwa anayefunga mwani kwenye kamba maji yakitoka, na kwa msuka ukili ambaye mkeka wake unaanza kwenda upande bila mwenyewe kujua. Mwalimu wa chuo cha Kurani naye huacha kusahihisha ubao wa mtoto kwa jicho, akabaki kusikiliza.

Linalotokea ni hili. Ndani ya jicho mna lenzi laini inayobadilika umbo ili tuone vya karibu na vya mbali. Kuanzia kama miaka 40 lenzi hiyo hukakamaa, na vya karibu vikafifia. Humpata kila mtu, msomi na asiyesoma. Hakuna matone wala asali ya kutia machoni itakayoilainisha tena. Dawa yake ni miwani, na kipimo chake hakihitaji mashine: kadi ya herufi, au ya alama kwa asiyesoma, hushikwa kama sentimita 40 kutoka usoni, mtu akajaribishwa miwani moja baada ya nyingine mpaka aone.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai wenye umri wa kuanzia miaka 40. Waliopewa miwani ya karibu uchumaji wao uliongezeka kuliko wa wenzao ambao walikuwa bado hawajapewa, kwa tofauti ya takriban asilimia 22. Chai na karafuu zote ni kazi za jicho na kidole. Sioni kwa nini faida hiyo isipatikane hapa kwetu Konde.

Ninachoiomba Wizara ya Afya Zanzibar ni kwamba kila kituo cha afya kiwe na sanduku la miwani ya kusomea, na muuguzi mmoja aliyefundishwa kupima. Mtu wa shehia ya mbali hawezi kupoteza siku nzima na nauli kwenda Chake Chake kwa jambo la dakika chache. Ataahirisha, na mwaka utapita. Wahudumu wa kujitolea wa Jamii ni Afya, mpango wa afya ya jamii wa Zanzibar, tayari wanapita majumbani kuwaangalia wajawazito na watoto wadogo. Wakiwa humo, wamuulize na bibi wa nyumba: bado unaweza kutunga uzi kwenye sindano?

Najua wapo madaktari watakaosema miwani ya kugaiwa hivi itaficha maradhi makubwa. Hofu hiyo ni ya haki. Presha ya macho hula uoni kuanzia pembeni, mara nyingi bila maumivu, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Sukari nayo huharibu nyuma ya jicho kimyakimya. Lakini leo watu hawa hawaangaliwi na mtu yeyote. Mtu akija kwa ajili ya miwani, muuguzi atampima na uoni wa mbali, atammulika kwa tochi, na akiona mboni imeingia weupe au uoni wa mbali haupo, atampa barua ya hospitali.

Humo ndimo watakamopatikana wenye mtoto wa jicho, na hawa wananiuma zaidi kwa sababu wanafichwa ndani kama vipofu kumbe wanatibika. Wengi wanaogopa kuwa jicho litatolewa. Halitolewi. Mgonjwa hupigwa ganzi ya jicho, lenzi iliyoingia ukungu huondolewa na kuwekwa ya plastiki, kazi ambayo mara nyingi haifiki hata nusu saa. Familia ndizo za kuelezwa hili, maana uamuzi wa mama kwenda hospitali mara nyingi uko kwa watoto wake wa kiume wanaotoa nauli.

Jambo moja kwa wenye maduka ya dawa: acheni kuuza ovyo matone yenye steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) kwa kila mwenye jicho jekundu. Yakitumiwa muda mrefu bila daktari hupandisha presha ya macho na huleta mtoto wa jicho.

Kazi ianzie Wilaya ya Micheweni, kabla ya msimu ujao wa karafuu. Bei ya miwani iwe ile ambayo mchambuzi anaweza kuilipa kwa ujira wa siku moja, na wazee wasio na kipato wapewe bure.

Wako,
Msomaji,
Konde, Pemba